Morrowind, Oblivion, Skyrim: gemu ndiyo inayomfundisha mchezaji tabia

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila tukiigusa The Elder Scrolls, mfululizo wa gemu za Bethesda, haichukui muda atatokea mtu aseme wachezaji wa zamani walikuwa na subira na akili, na hawa waliokuja na Skyrim ni wavivu wa kufuata mshale unaoonyesha njia. Nimezicheza zote tatu, Morrowind ya 2002, Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011, na bado nazirudia kwa zamu. Ninachokiona ni tofauti kabisa. Mchezaji ni yule yule. Anayetembea taratibu kule Vvardenfell, kisiwa cha Morrowind, ndiye huyo huyo anayechuchumaa gizani na upinde kule Skyrim. Kilichobadilika ni hesabu iliyofichwa ndani ya gemu: inalipa nini, inaadhibu nini. Mchezaji hata asipoisoma mahali, vidole vyake vinaijua baada ya muda.

Tuanze na mwendo. Mtu aliyezoea Skyrim akiingia Morrowind, anakimbia. Anashuka kwenye meli ya wafungwa pale Seyda Neen, anakimbia hadi nje ya kijiji, anakutana na panya, anachomoa kisu. Anapiga, anapiga tena, kisu anakiona kabisa kimepita mwilini mwa panya lakini panya hana habari. Anafunga gemu, anasema ni bovu. Kumbe kila pigo la Morrowind ni bahati nasibu yenye hesabu yake: stadi yako ya silaha, ukiongeza sehemu ya tano ya wepesi wako na sehemu ya kumi ya bahati yako, kisha jumla inazidishwa kulingana na pumzi uliyobaki nayo. Pumzi ikijaa unazidishiwa 1.25, ikikwisha kabisa unazidishiwa 0.75. Na kukimbia kunakula pumzi.

Ndiyo maana mchezaji wa Morrowind akikaribia pango hupunguza mwendo. Anasimama mlangoni, anasubiri mstari wa kijani ujae, ndipo anaingia. Pumzi hiyo hiyo inahesabiwa anapotamka uchawi, na hata anapopatana bei dukani, kwa hiyo haingii kwa muuza silaha akiwa anahema. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo kwa heshima ya mchezo. Kachapwa hadi kajua. Oblivion ilipokuja, upanga ukimgusa adui umemgusa, na stadi zinaamua tu kaumia kiasi gani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesimama mlangoni.

Sasa safari. Hapa ndipo roho yangu ilipo, mnivumilie.

Morrowind haina mshale wa kukuonyesha misheni ilipo. Caius Cosades wa mji wa Balmora, anayekupa kazi, anakutuma kwa Hasphat Antabolis, naye anataka kijisanduku cha Dwemer, watu wa kale waliotoweka, kilichomo kwenye magofu ya Arkngthand. Unachopewa ni maneno: shika njia ya ngome ya Fort Moonmoth, tafuta daraja la kale linalovuka bonde la Foyada Mamaea, magofu yako ng'ambo. Maneno hayo yanaingia kwenye daftari lako na basi. Unayasoma, unatoka, unapotea, unarudi kuyasoma. Njiani unasoma vibao, unaukariri mlima kwa umbo lake, unajua ukiiona mito ya majivu umepita kiasi. Ukitaka kwenda mbali lazima upange: mdudu mkubwa wa abiria anakutoa Seyda Neen hadi Balmora, wachawi wa chama cha Mages Guild wanakurusha mji hadi mji, boti zinazunguka pwani. Kuna uchawi wa Mark na Recall, unaoweka alama moja, moja tu, na kukurudisha pale. Watu walikuwa wanaitafakari hiyo alama moja kama mtu anayechagua kiwanja cha kujenga. Wengi waliiweka Caldera, kwa yule kiumbe Creeper, ana dhahabu 5,000 na ananunua mali yako kwa thamani yake kamili.

Oblivion ikaleta dira yenye alama ya misheni, na miji mikubwa ya Cyrodiil, nchi ya Oblivion, ikawa unaifikia kwa kubofya ramani tangu mwanzo. Tabia ya kuuliza njia ikafa ndani ya gemu moja. Waulize waliocheza Oblivion wakueleze unatokaje Chorrol kwenda Cheydinhal kwa miguu. Wengi hawajui, na wamecheza kwa miaka. Waulize wa Morrowind unatokaje Balmora kwenda Ald'ruhn. Atakuelekeza hata akiwa usingizini. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambacho mfululizo huu umekipoteza, na hakuna joka la Skyrim linaloweza kukifidia.

Lakini kama mnataka kuona gemu ikimpinda mchezaji hadi anafanya kinyume cha anachokitaka, tazameni kupanda levo ndani ya Oblivion.

Kanuni yenyewe ni ya Morrowind. Unachagua stadi zako kuu, zikipanda mara kumi kwa jumla unaruhusiwa kulala na kuamka na levo mpya. Ukiamka unaongeza sifa tatu, na kila sifa inaongezeka kulingana na stadi zilizo chini yake ulizozitumia tangu levo iliyopita. Stadi za sifa hiyo zikipanda mara kumi, unapata nyongeza ya 5. Zikipanda kidogo, unapata 2 au 3. Na uhai unaoupata kila levo unatoka kwenye ustahimilivu ulio nao wakati ule. Ukiuchelewesha, ulichokikosa hakirudi.

Ndani ya Morrowind wengi walicheza na kanuni hiyo bila hata kujua ipo. Ukipanda vibaya, shauri yako, ulimwengu kwa sehemu kubwa umebaki ulivyo. Pango lililokushinda jana litakuwa jepesi mwezi ujao. Oblivion walichukua kanuni hiyo hiyo wakaiweka kwenye ulimwengu ambao karibu kila adui anakua pamoja nawe. Ukipanda levo kwa kuuza maneno mazuri na kuruka ruka, majini wa Oblivion hawajali, wao wameongeza uhai na nguvu. Unafika mahali jambazi wa barabarani anakudai dhahabu 100 huku amevaa mavazi ya kioo ambayo bei yake ingemlisha maisha yake yote.

Wachezaji walifanya nini? Wakashika kalamu. Daftari pembeni ya kompyuta, mistari ya kuhesabu: ngao imepanda mara ngapi, nyundo mara ngapi, bado ngapi kabla sijalala. Wengine wakachagua stadi kuu ambazo hawana mpango wa kuzitumia, ili levo isipande mpaka waamue wao. Mtu anataka kuwa mpiga upanga, anaandika kwenye fomu yake kwamba yeye ni mchawi. Wengine hawakulala kabisa. Wakamaliza kisa kizima wakiwa levo ya kwanza, kwa sababu dunia nayo ilibaki mtoto. Na palikuwa na ratiba zinazopingana: mji wa Kvatch uende mapema, kabla majini makubwa hayajaanza kutoka kwenye mlango wao wa kuzimu, ila milango mingine kama huo iache hadi levo ya 17, kwa sababu mawe ya uchawi yaliyo bora hayatoki kabla ya hapo.

Hebu fikirini. Watu hao hao miaka minne nyuma walikuwa wanapotea kwenye majivu kwa furaha. Mnawaita wavivu? Walifanya kazi kubwa kuliko yoyote ile, na kazi yote ilikuwa ya kujilinda dhidi ya hesabu.

Skyrim ikafuta yote hayo. Sifa zimeondoka, zimebaki uhai, uchawi na pumzi. Stadi zilizokuwa 27 Morrowind na 21 Oblivion zimekuwa 18. Huchagui wewe ni nani, unachokitumia kinapanda. Ukaondoka ule woga wa kuharibu mhusika wako, na mimi nasema waziwazi hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kila mtu akamwagikia mtaro mmoja: anaanza na nguo za chuma na shoka, anaishia amechuchumaa kwenye kona ya giza ameshika upinde.

Sababu zipo na zinaonekana. Mshale wa kwanza kwa asiyekuona unaumiza mara mbili, na kwa nyongeza za mti wa kujificha unafika mara tatu. Makaburi ya Wanordi, wenyeji wa Skyrim, mengi ni njia ndefu nyembamba, maiti wamelala kwenye majeneza, wanasubiri mmoja mmoja. Ukikosea, wanakutafuta kidogo kisha wanarudi mahali pao. Upande wa pili, uchawi wa kushambulia hauongezeki nguvu kwa sababu tu stadi yako imepanda. Unachopata ni unafuu wa gharama na nyongeza chache. Mchawi anafika katikati ya kisa, moto wake ni ule ule na maadui wana uhai maradufu. Upinde uko begani, hakuna kanuni inayomkataza. Anaushika. Hata hakumbuki siku alipoacha uchawi.

Kwa hiyo mkisema mchezaji wa siku hizi kaharibika, nionyesheni kwanza alikuwa analipwa kwa lipi.

Nawasilisha.

#2 Mchangiaji

Mkuu, heshima kwako, uzi umekwenda shule. Ila kwenye mshale umewatetea mno. Skyrim inaruhusu usiuwashe. Misheni zipo kwenye orodha, unaizima alama, unatafuta mwenyewe. Mbona hawazimi? Mimi nilishazoea kuuliza njia tangu Morrowind, na Skyrim nacheza bila kuruka kwa ramani, napanda gari la farasi la pale mji wa Whiterun. Mtu mwenye nia anaweza.

#3 Mleta uzi

Kaka, gari la farasi nakubaliana nawe mia kwa mia, Skyrim bila kuruka kwa ramani ni gemu nyingine kabisa, na ni nzuri. Barabara zake zina vibao, zina watu, na mambo mengi yamewekwa njiani yakusubiri.

Lakini jaribu kuzima alama kwenye misheni ya kawaida ya mwenye hoteli. Anakuambia nenda kaue kiongozi wa majambazi, anakutajia jina la pango. Liko upande gani? Hasemi. Fungua daftari: limeandika mstari mmoja, muue kiongozi wa majambazi wa mahali fulani.  Aliyeandika Morrowind alijua hakuna mshale, kwa hiyo kila mhusika akapewa maneno ya kukuelekeza. Aliyeandika Skyrim alijua mshale upo, kwa hiyo maneno hayakuandikwa. Ukiuzima hurudi Morrowind, unabaki gizani tu. Kumlaumu mchezaji hapo ni kumuonea.

#4 Mchangiaji

Nami niongeze la kwangu, ndugu zangu. Kuna tabia moja mleta uzi kaipita, nayo ni kuokoteza. Hiyo haijabadilika hata chembe, ila makazi yake yamebadilika.

Morrowind hakuna wa kukuuzia nyumba. Unachofanya ni kutafuta nyumba isiyo na mwenyewe. Pale Balmora kuna jumba la Ralen Hlaalo, marehemu, kauawa, maiti yake iko ndani. Watu wakahamia. Ukiweka upanga mezani, ukirudi baada ya mwaka wa ndani ya gemu upo pale pale ulipouweka. Nilikuwa nalipanga kwa mkono, kitabu baada ya kitabu, fuvu hapa, taa pale, na wengine walikuwa wanamuua mwenye nyumba aliye hai kwa sababu tu rafu zake ni nzuri. Gemu haikukataza. Hata mtu muhimu wa kisa ukimuua, unaambiwa uzi wa unabii umekatika, urudi kwenye sevu yako ya nyuma au uendelee na dunia uliyoiharibu. Uamuzi ni wako.

Oblivion wakaanza kuuza nyumba. Kibanda cha ufukweni Imperial City dhahabu 2,000. Skyrim, Breezehome ya Whiterun 5,000, na nyongeza ya gemu iitwayo Hearthfire ya 2012 ikakuwezesha kujenga yako na kulea watoto. Na hapo ndipo nilipogundua wenzangu wameacha kuiba nyumba. Mtu akishauziwa makazi halali haingii kwa marehemu. Na mtu muhimu wa kisa hafi siku hizi, anapiga goti, anapumzika, anaamka. Kwa hiyo hakuna anayefikiri mara mbili kabla ya kumtupia mtu kisu. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mshale. Morrowind nilikuwa naogopa mkono wangu mwenyewe.

#5 Mleta uzi

Dada, hili la mwisho limenigusa kwelikweli. Nimewahi kusevu faili tatu tofauti kabla ya kuzungumza na mtu mmoja wa mji wa Vivec, kwa hofu hiyo hiyo. Kwenye Skyrim nasevu kwa ajili ya kuiba mfukoni tu.

Na lile la kutojali wahusika liliingia hadi dukani. Skyrim watu walikuwa wanamvika mwenye duka ndoo kichwani, hakuoni, wanakomba rafu. Morrowind hukuwa na namna ya kuinua ndoo na kuisogeza angani. Ilikuwa uichukue au uiache. Walipotupatia uwezo wa kushika vitu na kuvisogeza, wizi mpya ukazaliwa siku hiyo hiyo.

#6 Mchangiaji

Wakuu, mnaongea kama vile wachezaji wanaburuzwa tu. Wanaburuza pia. Chukueni uhunzi wa Skyrim. Mwanzoni kila kitu ulichokifua kilikuwa na malipo yanayokaribiana, kwa hiyo watu wakafua visu vya chuma, mamia kwa mamia, hadi stadi ikafika 100 bila kutoka Whiterun. Mwaka 2012 Bethesda wakarekebisha, malipo yakafuata thamani ya kitu. Watu wakaacha visu siku hiyo hiyo wakahamia kwenye pete za dhahabu: unaingia Halted Stream Camp, kaskazini ya Whiterun, unachukua kitabu cha uchawi wa Transmute, unageuza mawe ya chuma kuwa ya dhahabu, unarudi kwenye tanuru. Mtengenezaji kasogeza ukuta, mchezaji katafuta mlango.

Na mnasahau modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe. Morrowind ya kompyuta ilikuja na kifaa cha kuijengea ndani ya boksi. Skyrim ikapata chake Februari 2012 pamoja na ukumbi wa modi wa Steam. Nusu ya tabia mnazozilalamikia watu walishazirekebisha wenyewe: wameweka njaa, baridi, maelekezo ya maneno kwenye daftari, maadui wasiokua nawe. Mchezaji aliyechoka na hesabu ya gemu anaandika hesabu yake.

#7 Mleta uzi

Mkuu umeleta hoja nzito na ninaikubali kwa moyo wote, maana inasimama juu ya hoja ile ile. Visu havikuachwa kwa sababu watu walitubu. Hesabu ilibadilika, tabia ikabadilika kesho yake.

Ushahidi mpya kabisa tunao. Oblivion Remastered ilitoka tarehe 22 Aprili 2025. Ramani ile ile, wahusika wale wale, misheni zile zile, na maadui bado wanakua nawe. Miongoni mwa walivyovigusa ni kupanda levo: sasa kila levo unapewa pointi 12 za kugawa kwenye sifa unazozitaka, haijalishi ulitumia stadi gani, na hata stadi ndogo zinakusogeza mbele. Madaftari yamefungwa. Hakuna anayejiandikisha uchawi ili awe mpiga upanga. Mtu yule yule aliyekuwa akihesabu mapigo ya nyundo mwaka 2006 leo anapita Cyrodiil anafanya anachopenda. Kama ingekuwa ni tabia ya kizazi, isingebadilika ndani ya gemu moja kwa kubadili kanuni moja.

#8 Mchangiaji

Samahani wakubwa, mimi ni mgeni wa hizi za zamani. Nimemaliza Skyrim mara nyingi na nimenunua Morrowind kwa ajili ya uzi huu. Niingie vipi nisichukie?

#9 Mleta uzi

Karibu sana mdogo wangu, umenifurahisha.

Ukiulizwa mwanzoni wewe ni nani, chagua silaha moja na uiweke kwenye stadi zako kuu, na chagua kabila linaloijua. Mredguard na upanga mrefu hawatakutupa. Usishike kisu cha bure kama stadi yako ni upanga. Silaha usiyoijua haitagusa mtu. Upinde uache kwanza. Najua mkono utauendea.

Kabla hujatoka Seyda Neen, panda kwa Arrille ghorofani, kuna Mnordi anaitwa Hrisskar. Atakuomba ukae juu ya mnara wa taa usiku umwangalie jirani yake anaficha wapi vitu vyake. Ifanye hiyo. Hakuna alama, hakuna mshale, ni macho yako na giza na mtu anayenyata na taa yake. Itakufundisha gemu hii inataka nini kwako kuliko maelezo yangu yote.

Nunua karatasi moja ya uchawi wa Divine Intervention, ni ya kukutoa kwenye shida. Ukitoka kijijini ukimsikia mtu anapiga kelele angani, simama umwangalie, kisha mpekue. Zile karatasi tatu alizo nazo zina nguvu kweli, ila zisome vizuri ni za muda gani kabla hujaruka.

Kwenda Balmora usipande mdudu mara ya kwanza. Fuata vibao kwa miguu, tembea ukiona adui. Mpelekee Caius kifurushi chake, chukua kazi ya Arkngthand, na usifungue ukurasa wa kukusaidia hadi umekitafuta kile kijisanduku mwenyewe kwenye rafu zote. Kisha rudi hapa utueleze ulipotelea wapi, sote tutapatambua.